Barua ya Mzee Salimu na alama za ufahamu

Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya upili nchini Kenya, anapofungua karatasi ya pili ya Kiswahili, 102/2, hukutana kwanza na ufahamu wa alama 15, kisha ufupisho wa alama 15 nyingine, ndipo afike kwenye matumizi ya lugha na isimujamii. Karatasi ya tatu ni fasihi tupu, alama 80. Ukihesabu vizuri utaona kwamba takriban nusu ya alama 200 za somo zima humtaka mtoto asome, aelewe, kisha aeleze alichokielewa.

Hata hivyo, madaftari ya wanafunzi yanaonyesha maandalizi ya aina nyingine. Kuna orodha ndefu ya mbinu za lugha na fasili zake, tashbihi hadi tanakali za sauti, iliyonakiliwa ubaoni na kukaririwa. Kwa upande wa ufahamu hakuna kitu, maana ufahamu “ni kusoma tu.” Utengano huu ndio unaowaponza watoto wengi. Istilahi ya fasihi ni jina la jambo ambalo msomaji ameliona likitendeka ndani ya kifungu. Asiyeliona hana cha kulipa jina.

Tuchukue kifungu kifupi nilichokitunga kwa ajili ya makala haya:

Mzee Salimu aliisoma barua kimya kimya. Bahari ilikuwa imelala siku hiyo, haikupumua. “Mwanangu amepata kazi,” alisema, na wote waliokuwa barazani wakampongeza. Aliikunja barua mara nne, akaitia mfukoni. Kisha akateremka pwani kuufungua mtumbwi ambao wiki nzima alikuwa akiapa kwamba hataupanda tena.

Barua ilileta habari gani? Anayewinda sentensi ya kunakili atajibu kwamba mwana amepata kazi. Maneno hayo yamo, tena ndani ya alama za usemi. Lakini yamesemwa na nani? Si barua iliyosema, ni mzee. Msimulizi hakutufunulia hata neno moja la barua yenyewe. Sasa soma sentensi ya mwisho. Mtu aliyeapa kuacha uvuvi, na ambaye bila shaka alitegemea mshahara wa mwanawe, anarudi mtumbwini dakika ileile anayopewa pongezi. Kwa hiyo yaelekea kazi haikupatikana, na mzee ameficha aibu au uchungu wake mbele ya majirani. Jibu hili halijaandikwa popote, lakini mtu anaweza kulitetea kwa ushahidi wa sentensi mbili. Hapo ndipo ufahamu ulipo, na ndipo maswali magumu ya mtihani hulenga.

Akishaelewa hivyo, mwanafunzi hahangaiki na istilahi. Watu wanampongeza mzee kwa jambo ambalo halikutokea: kinaya. Wengi wangeandika kejeli, na wangekosea, kwa sababu kejeli humhitaji mtu anayembeza mwenzake, na barazani hapo hakuna aliyembeza mtu. Bahari kulala na kutopumua ni tashihisi, kwa kuwa kitu kisicho na uhai kimepewa matendo ya kiumbe hai. Je, kukunja barua mara nne ni takriri? Hapana. Takriri ni kurudiarudia neno, sauti au kifungu cha maneno katika matini. Hapa kilichorudiwa ni kitendo cha mhusika, nacho kimetajwa mara moja tu. Aliyekariri fasili bila kuizoea katika matini hunaswa na mtego kama huu.

Baada ya jina na mfano, huulizwa umuhimu wa mbinu. Jibu linalojaza karatasi za nchi nzima ni “imetumika kusisitiza ujumbe.” Ningependa walimu walikatae jibu hilo mapema, kwa sababu linaweza kubandikwa kwenye mbinu yoyote, katika kitabu chochote, na mtu ambaye hajakisoma. Tashihisi ya bahari yetu ina kazi mahususi: utulivu wa nje unaificha dhoruba iliyo moyoni mwa mzee, na bahari iliyozuia pumzi inaonekana kungoja habari pamoja naye. Jibu la namna hiyo haliwezi kuhamishiwa kwenye kifungu kingine, na hiyo ndiyo dalili ya ubora wake.

Istilahi basi zisomweje? Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu vifungu vya kusoma. Baadhi walivisoma tena. Wengine walivifunika na kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, na waliojipima wakawa mbele. Mzazi anayemwona mtoto akipitisha macho juu ya orodha ileile kila jioni ana sababu ya kumwambia afunge daftari, afungue tamthilia au riwaya yake teule, *Bembea ya Maisha* au *Nguu za Jadi*, atafute kinaya kimoja, kisha aeleze kwa kinywa chake kwa nini ni kinaya.

Utafiti mwingine, wa Donna Recht na Lauren Leslie mwaka 1988, ulionyesha kwamba watoto wasiosoma vizuri lakini wanaojua mchezo wa besiboli walikielewa zaidi kifungu kuhusu mchezo huo kuliko wasomaji hodari wasioujua. Vifungu vya ufahamu huhusu afya, mazingira, ufisadi, teknolojia. Kwa hiyo anayesoma gazeti na kusikiliza taarifa ya habari kwa Kiswahili huingia mtihanini akiwa tayari ana nusu ya msamiati.

Ushairi una istilahi zinazostahimili kukaririwa, kwa kuwa vitu vyake huhesabika: mishororo minne katika ubeti ni tarbia, mitano ni takhmisa, vipande viwili vya mshororo ni ukwapi na utao. Hizo jifunze, hesabu mizani kwa vidole, endelea.

Lipo tatizo moja ambalo si kosa la mwanafunzi. Vitabu havikubaliani kuhusu majina. Mwandishi mmoja ataandika mbinu rejeshi, mwingine kisengere nyuma. Huyu tashihisi, yule uhuishi. *Kamusi ya Fasihi* ya K.W. Wamitila, iliyotoka mwaka 2003, husaidia sana kuoanisha, na kila maktaba ya shule ya upili ingefaa iwe nayo. Mtoto akiwa na majina mawili ya mbinu moja na hajui achague lipi, aandike lile analotumia mwalimu wake, kisha nguvu zake azipeleke kwenye mfano na maelezo.