Wachezaji Wanapogawanyika: Utangulizi wa Somo la Mapokezi ya Michezo ya Video

Tarehe 22 Machi 2024 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Dragon's Dogma 2, mchezo wa uhusika wa kifantasia ambao wapenzi wa ule wa kwanza walikuwa wameungoja kwa karibu miaka 12. Wahakiki walikuwa wamekwisha kuupokea kwa furaha siku chache kabla, wengi wakiupa alama zaidi ya 80 kati ya 100. Siku ya kutoka, katika duka la Steam ambako wachezaji wa kompyuta hununua michezo yao, wengi wa walioandika maoni waliukataa, hata ukabandikwa lebo ya kupokelewa vibaya. Mwishoni mwa juma hilohilo watu zaidi ya 220,000 walikuwa ndani ya mchezo huo kwa wakati mmoja, na punde Capcom ikatangaza kuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 2.5.

Ukiuliza kama wachezaji waliupenda au waliuchukia, takwimu hizo hazitakujibu. Mwandishi wa habari mwenye haraka atasema maoni yamechanganyika, kisha atahamia habari nyingine. Somo ninalokukaribisha, msomaji, linaanzia pale anapoondokea yeye. Tunataka kujua maoni hayo yamechanganyika vipi: nani anabishana na nani, juu ya nini, na kwa nini jambo lilelile limfurahishe mmoja na kumkera mwenzake. Ingia bila woga. Huhitaji kuwa mchezaji hodari wala kumiliki mashine ya bei kubwa. Unachohitaji ni subira ya kusoma malalamiko ya watu, na heshima ya kuamini kwamba anayelalamika ana jambo.

Mizizi ya somo hili imo katika fasihi. Mwaka 1967, katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani, Hans Robert Jauss alitoa mhadhara uliowahimiza wahakiki wamtazame msomaji, kwa kuwa kila kazi mpya hukutana na upeo wa matarajio uliojengwa na kazi zilizoitangulia. Mwaka 1973, huko Birmingham, Stuart Hall alieleza kuwa mtazamaji wa televisheni anaweza kuupokea ujumbe kama ulivyokusudiwa, kuukubali nusunusu, au kuupinga kabisa. Mawazo hayo bado yanatufaa, ila mchezo wa video una ugumu ambao riwaya haina. Wasomaji wawili wa riwaya moja wamesoma maneno yaleyale. Wachezaji wawili wa mchezo mmoja huenda walipita njia tofauti, wakapoteza marafiki tofauti, hata wakaona miisho tofauti. Espen Aarseth wa Norwe alilijadili jambo hili kwa kina mwaka 1997 katika kitabu chake Cybertext, na mwaka 2001 yeye na wenzake wakaanzisha jarida la Game Studies, ambalo wengi wetu tunalihesabu kuwa alama ya taaluma hii kusimama kwa miguu yake.

Hata hivyo, kama ningeruhusiwa kumpa mwanafunzi mpya kitabu kimoja tu, ningempa Shared Fantasy cha Gary Alan Fine, kilichotoka mwaka 1983. Wakati huo michezo ya uhusika ilichezwa zaidi mezani, kwa karatasi, penseli na dadu, kwa kufuata njia iliyofunguliwa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson katika Dungeons & Dragons. Fine, mwanasosholojia wa Marekani, aliketi na wachezaji hao huko Minnesota, akacheza nao na kuwasikiliza. Aliona kwamba kila aliyekuwa pale mezani alikuwa na nafsi tatu kwa pamoja. Alikuwa mtu wa kawaida, mwenye kazi na kodi ya nyumba. Alikuwa mchezaji, anayezijua kanuni na kuzihesabu dadu. Tena alikuwa mhusika, labda shujaa mwenye upanga, ambaye katika ulimwengu wake hakuna kitu kiitwacho dadu. Mazungumzo yao yaliruka kutoka daraja moja hadi jingine bila kupiga hodi.

Nimeishi na kitabu hicho muda mrefu, na hoja ninayoileta hapa imechipuka humo. Maoni yanayogawanyika juu ya mchezo mpya ni sauti za madaraja hayo matatu zikisemwa kwa mpigo, na mgawanyiko huwa mkali zaidi pale daraja moja linapovamia jingine. Dragon's Dogma 2 ni mfano bora kuliko wote ninaoujua.

Tuanze na mhusika. Joka limekunyofoa moyo, nawe unalifuata. Unatembea katika nchi za Vermund na Battahl ukiandamana na wasaidizi watatu: mmoja umemuumba mwenyewe, wawili umewaazima kwa wachezaji wengine. Wako naye huazimwa, akarudi na maarifa ya njia alizopita ugenini. Safari ni ndefu. Jiwe la kukufikisha mji wa mbali kwa kufumba na kufumbua ni adimu na ghali, na mkokoteni wa ng'ombe unaweza kushambuliwa njiani. Mwongozaji wa mchezo, Hideaki Itsuno, alikuwa ameeleza kabla kwamba hayo ni makusudi, kwa kuwa safari humchosha mtu pale tu mchezo wenyewe unapokosa la kumpa njiani. Waliompenda walimpendea hilo hasa: usiku kuwakuta msituni, taa kuishiwa mafuta, na jitu la jicho moja kuzuka gizani wakati hakuna aliyejiandaa.

Kisha kuna tauni ya joka. Msaidizi aliyeambukizwa huanza ukaidi, macho yake yakang'aa kwa wekundu. Usipomwondoa mapema, siku moja utalala katika nyumba ya wageni na kuamka ukute amewaua wakazi wa mji, wakiwemo watu uliokuwa na ahadi nao. Mchezo hujihifadhi wenyewe na una nafasi moja tu ya kuhifadhia, hivyo kurudi nyuma ni vigumu. Kwa mhusika huo ni msiba, na misiba ndiyo inayofanya hadithi zikumbukwe. Kwa mchezaji ni saa nyingi za kazi zilizoteketea usiku mmoja. Wanaoisifu tauni hiyo na wanaoilaani wameona tukio lilelile, na mara nyingine mtu mmoja huisifu na kuilaani katika aya moja. Mwanafunzi asimwone mtu huyo kuwa kigeugeu. Anasema kweli mara mbili, kutoka madaraja mawili.

Mchezaji alikuwa na malalamiko mengine ambayo hayana ubishi mkubwa. Katika jiji la Vernworth mwendo wa picha ulishuka hata kwenye kompyuta zenye nguvu, kwa sababu kila mkazi alitumia sehemu kubwa ya prosesa, na Capcom yenyewe ilikiri hivyo. Hapakuwa pia na njia ya wazi ya kuanza mchezo upya. Hizo ni kasoro za kiufundi, nazo hurekebishwa. Chaguo la kuanza upya liliongezwa baada ya siku chache.

Aliyewasha moto ni mtu wa kawaida, mwenye pochi. Mnunuzi aliyekwisha kulipa dola 70 alikuta dukani orodha ya vitu vidogovidogo vinavyouzwa kwa fedha halisi: kitabu cha kubadilisha sura ya mhusika, mawe ya kufufulia wafu, jiwe la kuweka alama mahali unapotaka kurudi haraka. Wahakiki wengi waliopewa nakala mapema hawakuwa wameiona orodha hiyo. Vitu hivyo vilipatikana pia ndani ya mchezo bila malipo ya ziada, na Capcom ililieleza hilo siku hiyohiyo ikiomba radhi.

Tazama sasa maana ilivyogeuka. Ile barabara ndefu, ambayo jana yake ilikuwa uamuzi wa msanii, ilianza kuonekana kama mtego wa mfanyabiashara. Je, nimetembezwa ili nichoke, na nikichoka nilipe? Barabara yenyewe haikurefushwa hata kwa hatua moja, lakini mwenye pochi alikuwa ameingia katika ulimwengu wa mhusika, na tangu hapo kila mwendo wa msituni ulibeba shaka. Ndiyo sababu siyakubali maelezo kwamba wachezaji hawakuelewa. Mtu anaweza kujua vyema kwamba jiwe linapatikana bure na bado akaumia, kwa sababu alichopoteza ni imani kwamba ugumu wa safari ulitungwa kwa ajili yake. Imani hiyo ni sehemu ya mchezo kama ulivyo muziki wake, na anayeihesabu kuwa nje ya kazi ya sanaa ameacha nje kiini cha mjadala.

Shaka hiyo ilikuwa na historia. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi katika The Elder Scrolls IV: Oblivion kwa dola 2.50, na hasira iliyofuata inakumbukwa hadi leo. Mchezaji wa mwaka 2024 alikuja na miaka 18 ya kumbukumbu za namna hiyo. Huo ndio upeo wa matarajio, na hakuna kampuni inayoweza kumwomba mtu auache mlangoni.

Wanafunzi wengi huanza na hesabu, na wengi hupotelea humo. Steam humtaka mwandishi wa maoni achague dole gumba la juu au la chini, basi. Madole ya juu yakiwa kati ya asilimia 40 na 69, mchezo hupewa lebo ya maoni mchanganyiko. Mchezo ambao kila mtu anauona wa wastani unaweza kuipata lebo hiyo, na mchezo ambao nusu ya watu wanauenzi na nusu wanautupa ukaipata vilevile. Dole la chini la aliyecheza saa 2 akashindwa na prosesa lina uzito sawa na la aliyecheza saa 90 akaukataa mwisho wa hadithi. Bahati nzuri Steam huonyesha saa alizocheza kila mwandishi, na tangu 2017 huonyesha pia mchoro wa maoni yalivyopanda na kushuka kwa siku. Vitazame vyote viwili kabla ya kuamini asilimia yoyote. Tazama na tarehe: mwezi Aprili Capcom ilipunguza maambukizi ya tauni ya joka na kuzifanya dalili zionekane kwa urahisi zaidi, kwa hiyo aliyeandika Machi na aliyeandika Mei huenda wanazungumzia tauni mbili.

Wengine hukimbilia kuainisha watu. Richard Bartle, aliyeshiriki kuunda mchezo wa MUD katika Chuo Kikuu cha Essex, aliandika mwaka 1996 kuhusu aina nne za wachezaji: watafuta mafanikio, wavumbuzi, wapenda maongezi na washambuliaji. Makala hiyo isomwe, kwa kuwa ni safi na imezaa mengi. Hata hivyo naionea tahadhari, maana haituelezi kwa nini mvumbuzi yuleyule ameipenda barabara Ijumaa asubuhi na kuichukia jioni.

Wakati wenyewe unastahili uangalifu mkubwa zaidi. Mchezo wa Final Fantasy XIV ulipotoka Septemba 2010 ulipokelewa vibaya kiasi kwamba kampuni ya Square Enix iliomba radhi, ikaahirisha kutoza ada ya mwezi, na Desemba ikamkabidhi Naoki Yoshida kazi ya kuuokoa. Yoshida aliendelea kuurekebisha mchezo uliokuwapo huku akijenga mpya pembeni. Novemba 2012 ulimwengu wa zamani uliangamizwa ndani ya hadithi yenyewe, mwezi ukiporomoka kutoka angani, na Agosti 2013 mchezo ukarudi kwa jina la A Realm Reborn. Kushindwa kwa kampuni, jambo lililowahusu mlipa ada na mchezaji, kuligeuzwa kuwa kumbukumbu ya mhusika. Waliokuwa wamekasirika wakawa mashahidi wa maangamizi, watu wenye hadithi ya kuwasimulia wageni. Naupenda mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba uvamizi wa daraja moja kwa jingine unaweza pia kuponya.

Msomaji wa Kiswahili anaingia katika kazi hii akiwa na malezi yanayofaa. Tunayajua majibizano ya washairi magazetini, tangu enzi za Mambo Leo lililoanza mwaka 1923, na tunajua kwamba shairi la jibu halieleweki mpaka usome lile lililochokoza. Yasome maoni ya wachezaji hivyohivyo. Anayeandika kuwa mchezo hauna dosari hata moja anamjibu mtu fulani, na ukali wa sifa zake hulingana na ukali wa shutuma alizokutana nazo. Chukua maoni ya juma la kwanza na mengine ya miezi sita baadaye, yafiche madole, kisha uliza kwa kila sentensi: hapa anasema mhusika, mchezaji, au mwenye pochi? Utashangaa ni mara ngapi watatu hao wanapokezana ndani ya mistari minne.

Kuna kazi iliyo karibu nasi zaidi. Steam hupanga maoni kwa lugha, na Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za jukwaa hilo, hivyo anayeandika kwa Kiswahili huhesabiwa chini ya lugha nyingine. Sehemu kubwa ya hukumu za wachezaji wetu haziandikwi kabisa. Husemwa katika vibanda vya gemu, husemwa kwa sauti za WhatsApp, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng na Kiingereza, na hupotea siku hiyohiyo. Anayetaka kuzisoma itambidi akae kibandani, alipie muda wake kama wengine, acheze zamu yake, na aombe ruhusa kabla ya kurekodi neno lolote. Sura inayofuata inaeleza namna ya kuandaa daftari la kazi hiyo.