Kabla hamjachapa lebo, kubalianeni jina la biashara ni la nani

Pita Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya au soko kuu la Iringa, utakuta bidhaa nyingi zilizoanzia jikoni kwa mtu: unga wa lishe, siagi ya karanga, pilipili ya kusaga, asali, mchele uliopembuliwa kwa mkono. Nyingi zimefungwa kwenye mfuko usio na neno hata moja. Mteja akiipenda bidhaa, wiki ijayo hajui amtafute nani. Ananunua kwa mwingine.

Ndiyo maana wazazi wengi wanaojiongezea kipato nyumbani hufikia hatua ya kusema, “Tuchape lebo.” Mama anaenda steshenari, baba anatafuta hela, na lebo zinatoka. Lakini kuna swali ambalo nyumba nyingi hazijiulizi: jina lililoandikwa pale ni la nani?

Jina la mtoto lina utamu na mtego

Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kwa hiyo lebo nyingi huishia kuwa “Mama Upendo” au “Mama Baraka”. Ni jina zuri, majirani wanalijua. Shida ni kwamba kina Mama Upendo ni wengi, na jina lililokwisha kusajiliwa na mwingine BRELA hawatakupa tena.

Kuna wanaokwenda mbali zaidi na kuweka picha ya mtoto kwenye pakiti ya unga wa lishe. Fikirini mara mbili. Lebo hukaa sokoni miaka. Mtoto aliyependeza akiwa na mwaka mmoja atafika sekondari, na wenzake watamwita jina la unga. Yeye hakuulizwa.

Nani anaandikwa kama mmiliki?

Usajili wa jina la biashara hufanyika kwenye mfumo wa BRELA wa mtandaoni, na unahitaji namba ya NIDA. Hapo ndipo mnapoandika mmiliki: mama peke yake, baba peke yake, au wote wawili kama wabia. Mara nyingi anayeandikwa ni yule tu mwenye simu nzuri siku hiyo.

Siku za amani hakuna anayejali. Ukitokea msiba au ndoa ikivunjika, kinachosomwa ni karatasi. Mama aliyesaga unga kwa miaka kumi anaweza kujikuta akihangaika kuthibitisha kwamba biashara ile ni jasho lake. Maongezi ya nusu saa mezani, kabla ya kujaza fomu, yanaepusha mengi.

Jambo jingine: kusajili jina la biashara si sawa na kusajili alama ya biashara. Alama, yaani nembo au jina la bidhaa lenyewe, inalindwa na Sheria ya 1986. Usajili wake wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Bidhaa ikianza kwenda mbali, ifikirieni hatua hii.

Msianze na lebo elfu moja

Kwa chakula, piteni kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973 na lenye ofisi Mbeya na Iringa. Wao huwatambulisha wajasiriamali wadogo kwa TBS, wenye ofisi ya kanda Mbeya. Mkichapa kabla ya kupata ushauri huo, mnaweza kuambiwa kuna maelezo yamekosekana, na lebo zote zikawa za kuwashia moto.

Kwa kawaida lebo ya chakula huonesha jina la bidhaa, viungo, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi, na jina na anwani ya mtengenezaji. Msiweke alama ya TBS kabla ya kupewa leseni yake.

Kuanza, muhuri wa mpira kwenye mifuko ya kaki unatosha. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, mifuko ya karatasi imezoeleka, na karatasi ya aina hiyo hutengenezwa hapa hapa Nyanda za Juu, kiwandani Mgololo wilayani Mufindi. Unga na siagi ya karanga vinahitaji kifungashio cha ndani cha kuzuia unyevu na mafuta, SIDO watawaelekeza.

Pigeni hesabu pia. Tuseme lebo moja ni shilingi 150 na pakiti mnauza shilingi 3,000. Hiyo ni asilimia 5 ya bei. Je, faida inaibeba? Kama haiibebi, rudini kwenye muhuri. Ada ya shule isiguswe kwa ajili ya rangi nne.

Kifurushi nacho kinaongea

Wateja wengi wa bidhaa za huku wako Dar es Salaam na Dodoma. Boksi linatoka stendi kwa basi, au linapita Posta kwa EMS. Likisafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya hadi Dar, anayelifungua hakuoni wewe, anaona ulivyofunga.

Weka ndani karatasi nusu ukurasa: namna ya kupika, namna ya kuhifadhi, namba ya simu ya kuagiza tena, na neno la asante. Namba iwe ya laini ya biashara, maana lebo hufika mikononi mwa watu msiowajua. Kwa anwani, S.L.P. bado ina faida: mkihama nyumba ya kupanga, sanduku halihami.

Iringa kuna mfano wa kujifunza. Neema Crafts, iliyoanzishwa 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, inaajiri watu wenye ulemavu, na miongoni mwa kazi zake ni kadi za karatasi iliyotengenezwa kwa kinyesi cha tembo. Mnunuzi anaondoka akijua nani ametengeneza na kwa kitu gani. Unga wenu pia una habari yake: mahindi ya wapi, umesagwa lini, na nani.

Maonesho ya Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale jijini Mbeya, ni mahali pazuri pa kugawa karatasi hizo. Jina liwe limekwisha kusajiliwa, ili atakayelipenda asiwatangulie BRELA.

Leo jioni, watoto wakishalala, kaeni mjibu matatu: jina ni lipi, mmiliki ni nani, na fedha ya kuchapa inatoka wapi. Mkikubaliana, yaandikeni na muweke sahihi wote wawili. Steshenari itawasubiri.