Kujisugua ngozi kavu kuna manufaa, ila usipite kiasi

WENGI wetu tunapooga hujimwagia maji kwanza, kisha tukajisugua kwa sabuni na dodoki. Katika Ayurveda, elimu ya kale ya tiba nchini India, ipo desturi inayogeuza utaratibu huo. Mtu hujisugua mwili ukiwa mkavu, ndipo akajipaka mafuta na kuoga.

Desturi hiyo huitwa garshana, neno la Kisanskriti lenye maana ya kusugua. Kwa asili hutumiwa glavu za hariri ghafi au za sufu. Siku hizi desturi hiyo imeenea nchi nyingi, na badala ya glavu wengi hutumia brashi zenye nyuzi ngumu, zikiwemo za mkonge, zao ambalo hukuzwa pia humu nchini katika kaunti za Kilifi na Taita Taveta.

Ayurveda hufundisha kwamba mwili hutawaliwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Kapha inapozidi, mtu husemekana kuwa mzito na mlegevu. Kusugua kwa kitu kikavu hunuiwa kuuchangamsha mwili wa aina hiyo. Wenye ngozi kavu, ambao huhesabiwa kuwa na vata nyingi, hushauriwa wasiizidishe desturi hiyo na badala yake wapendelee kukandwa kwa mafuta.

Je, sayansi ya kisasa inasemaje? Ngozi hujifanya upya takriban kila mwezi, na seli zilizokufa hubaki juu kabla ya kupukutika. Kusugua huziondoa na kuiacha ngozi ikiwa laini. Aidha, damu huongezeka karibu na ngozi kwa muda mfupi, na hiyo ndiyo sababu mtu huhisi joto na uchangamfu.

Hata hivyo, wauzaji wa brashi hizo hudai makubwa zaidi: kwamba huondoa sumu mwilini, huyeyusha mafuta na kufuta vishimo vya mapajani. Madai hayo hayajathibitishwa. Kazi ya kusafisha damu ni ya ini na figo, wala brashi haivifikii viungo hivyo. Mtu aliyevimba miguu au anayechoka bila sababu anapaswa kumwona daktari, kwani kungojea brashi imponye ni kuupa ugonjwa nafasi ya kukomaa.

Hatari nyingine inawahusu hasa watu wenye ngozi nyeusi. Ngozi hii ikichubuliwa mara kwa mara huweza kujilinda kwa kutoa rangi zaidi, na mabaka meusi yakatokea. Miaka ya 1980, madaktari wa Japani walieleza juu ya wagonjwa waliopata mabaka ya namna hiyo kwa kujisugua na vitambaa vya nailoni, hasa mahali ambapo mfupa u karibu na ngozi, kama vile mtulingani, mabegani na kwenye uti wa mgongo. Mtu anayedhani kuwa mabaka hayo ni uchafu huzidi kusugua, na kwa kufanya hivyo huyazidisha.

Anayetaka kujaribu na achague brashi isiyo ngumu mno. Aanzie nyayoni akipanda kuelekea moyoni, kisha viganjani kuelekea mabegani. Tumboni asugue kwa mizunguko, akifuata mwendo wa mishale ya saa. Dakika tatu hadi tano zatosha, mara moja au mbili kwa wiki. Ngozi ikiwasha au ikiuma, aache mara moja. Baadaye aoge kwa maji ya uvuguvugu na ajipake mafuta, kwa mfano ya nazi au ya ufuta.

Uso usiguswe kwa brashi hiyo. Vivyo hivyo wenye vidonda, ukurutu, upele, ngozi iliyoungua au mishipa iliyovimba miguuni wajiepushe. Mgonjwa wa kisukari ashauriane na daktari kwanza, kwa kuwa mchubuko mdogo mguuni waweza kugeuka kidonda kikubwa.

Mwisho, brashi ioshwe kwa sabuni, ianikwe mpaka ikauke, na kila mtu awe na yake. Ikitunzwa na kutumiwa kwa upole, itakufaa kuilainisha ngozi na kukupa dakika chache za kuujali mwili wako. Usiitarajie zaidi ya hayo.