Mama fua na kazi ya kutwa

Mama fua ni jina ambalo Nairobi na miji mingine ya Kenya imempa mwanamke anayekuja kufua na kusafisha nyumba kwa siku moja, akalipwa jioni na kwenda zake. Hafanani na yaya au msaidizi anayelala kwa mwajiri. Hana chumba pale wala mshahara wa mwezi, na huenda Jumatatu akawa Umoja, Jumatano South B, Jumamosi Kilimani. Anayelala akishindwa kumaliza kabati leo atalimaliza kesho, lakini mama fua hana kesho katika nyumba hiyo. Kila anachotarajiwa kufanya lazima kienee katika saa za siku moja, na ugomvi mwingi kati yake na mwenye nyumba huzuka kwa sababu hesabu ya saa hizo haikufanywa.

Hesabu yenyewe huanza na neno "usafi". Mwenye nyumba akisema "nisafishie nyumba", kichwani ana picha ya sebule inayong'aa, jiko la gesi lisilo na mafuta na madirisha yanayopitisha mwanga. Mama fua akisikia maneno hayohayo huelewa kufagia, kupiga deki, kuosha vyombo, choo na bafu. Ndani ya oveni, juu ya makabati, nyuma ya friji, mapazia, wavu wa mbu uliojaa vumbi: hayo hayamo mpaka yatajwe. Kinachosahaulika zaidi ni kupiga pasi. Nyumba nyingi hukuhesabu kuwa mkia wa kufua, ilhali ni kazi ya pekee yenye saa zake na bei yake, na nguo zenyewe hazina budi kukauka kwanza. Viatu vya shule navyo hutajwa. Kuhusu nguo za ndani za watu wazima, mama fua wengi hawazifui, na kumwachia mtu beseni lenye nguo hizo bila neno huonekana kuwa ni kumkosea heshima. Anayezitaka zifuliwe aulize mapema, tena kwa upole, na akubali jibu atakalopewa.

Kufua kwa mkono ndiko kunakomeza siku. Nguo huchambuliwa, nyeupe kando na za rangi kando, zikalowekwa, zikafikichwa kola na mikono, zikasuuzwa mara mbili, zikakamuliwa na kuanikwa. Nguo za wiki nzima za watu wanne, pamoja na shuka, humchukua mama fua mzoefu karibu asubuhi yote, tuseme kuanzia saa mbili hadi saa saba. Alasiri inayobaki inatosha kufagia na kupiga deki nyumba ya vyumba viwili, kusugua choo na bafu, na kuosha vyombo. Siku imekwisha hapo. Ukiongezwa mfarishi mzito au mapazia ya sebule, lazima kitu kingine kiondolewe. Blanketi moja lililoloa hutaka nguvu kuliko mashati kumi, na haliwezi kukamuliwa na mtu mmoja. Nyumba yenye mashine ya kufulia hubadilisha hesabu hii kabisa, mradi mama fua ameonyeshwa jinsi ya kuitumia na stima ipo.

Siku ya kwanza hupimwa kwa kipimo chake. Nyumba iliyokaa miezi bila kusuguliwa ina mafuta yaliyogandamana ukutani juu ya jiko, ukoko wa sabuni bafuni, na vumbi lililoshikamana na unyevu kwenye fremu za madirisha. Uchafu wa namna hiyo haufutwi kwa kitambaa. Hulowekwa, hungojwa ulainike, kisha hukwanguliwa. Kwa siku hiyo mwenye nyumba ana njia mbili tu: nyumba yote ipitiwe juu juu, au vyumba viwili visafishwe mpaka pembeni na vingine vingoje wiki ijayo. Anayedai yote mawili kwa malipo ya kutwa moja atapata la kwanza, hata kama ameahidiwa la pili. Kazi ya mtu hujulikana vizuri zaidi anapokuja mara ya tatu. Hapo uchafu wa zamani umekwisha, mahali pa vitu pamezoeleka, na kinachoonekana ni uangalifu wake mwenyewe.

Kisha kuna maji. Mitaa mingi ya Nairobi hupata maji kwa zamu, na siku ya zamu haingojei ratiba ya mtu. Beseni la kufulia na mawili ya kusuuza hunywa mitungi mitatu ya lita 20 kabla maji hayajabadilishwa hata mara moja. Mtungi mmoja uliojaa una uzito wa kilo 20, na katika jengo lisilo na lifti mtu wa orofa ya nne anajua maana yake. Kubeba maji kutoka chini ni kazi kamili na hulipiwa. Siku ambayo bomba ni kavu, mwenye nyumba hupiga simu kabla mama fua hajapanda matatu, kwa sababu nauli ikishatoka na siku ikishapotea hakuna wa kuzirudisha ila yeye aliyemwita.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Kuanzia Juni hadi Agosti Nairobi huwa na baridi, mawingu na manyunyu, na suruali ya jinzi iliyoanikwa saa tano asubuhi huweza kukutwa bado imeloa magharibi. Kutaka nguo zilizofuliwa Julai ziwe zimekunjwa kabatini jioni hiyohiyo ni kumdai mama fua jua. Linalowezekana ni nguo nzito zifuliwe kwanza ili zipate saa nyingi kambani, na aliye nyumbani azianue baadaye. Upande wa mashariki ya jiji kuna udongo mweusi unaoganda viatuni wakati wa mvua. Upande wa Kiambu ni udongo mwekundu unaotia rangi soksi na pindo za suruali. Soksi nyeupe za mtoto anayecheza katika udongo huo hurudi kuwa safi, lakini kurudi kuwa nyeupe kama za dukani ni jambo jingine.

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa, kwa kuwa kuna madoa ambayo si uchafu tena. Maji ya kisima yenye chumvi, kama yale ya sehemu nyingi za Syokimau na Kitengela, huacha utando mweupe kwenye mabomba, vioo vya bafu na vigae. Utando huo ni madini, hasa ya kalsiamu, na sabuni haiuwezi. Siki huuyeyusha, lakini siki hiyohiyo hula marumaru na sakafu ya terazo, kwani marumaru na saruji vina asili ya chokaa na tindikali huvimega. Kigae kilichokwisha kuchimbika hakitang'aa hata kikisuguliwa kutwa. Koga nyeusi iliyoingia ndani ya saruji ya kati ya vigae, kutu ya bomba linalovuja, chini ya sufuria palipoungua kwa miaka, rangi ya ukuta inayotoka pamoja na alama za mikono ya watoto: dawa ya haya ni fundi, rangi mpya au sufuria mpya. Mwenye nyumba anayepita nyuma ya mama fua na kidole, akionyesha doa la kutu lililokuwapo tangu mpangaji aliyetangulia, anamlaumu mtu asiyehusika.

Dawa na vifaa hununuliwa na mwenye nyumba, na ubora wake huamua matokeo kuliko watu wanavyodhani. Tambara moja likitumika chooni, kisha jikoni, kisha mezani, nyumba itanukia sabuni huku vijidudu vikitembezwa kutoka chumba hadi chumba. Matambara matatu ya rangi tofauti humaliza tatizo hilo kwa bei ndogo. Glavu, ufagio usionyonyoka, brashi ya choo, ndoo mbili na sabuni ya kutosha hukamilisha orodha.

Jiki, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo nyeupe, inastahili neno la ziada. Watu wengi, wenye nyumba na mama fua pia, huamini kwamba dawa mbili zikichanganywa zitakuwa na nguvu mara mbili. Jiki ikikutana na dawa ya choo yenye tindikali hutoa gesi ya klorini, inayounguza macho, koo na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha mtu anaweza kuanguka. Ikichanganywa na dawa yenye amonia hutoa gesi nyingine zenye madhara, na hata mkojo uliokaa chooni huweza kuchangia, ndiyo sababu choo humwagiwa maji kwanza. Dawa moja hutumiwa, husuuzwa kwa maji mengi, ndipo nyingine ifuate kama kweli inahitajika. Chupa zisizo na karatasi ya jina, zilizojazwa dawa ya kupimiwa mtaani, hazifai kuachiwa mtu asiyejua kilichomo.

Yako mambo ambayo hayamo katika kazi ya usafi kwa malipo yoyote ya kawaida. Kusimama nje ya dirisha la orofa ya tatu ili kufuta kioo ni mojawapo. Kumwagia maji bafu lenye kichwa cha maji moto cha umeme bila swichi yake kuzimwa ni jingine. Kumlea mtoto huku kazi ikiendelea ni la tatu, na ndilo linalojipenyeza kimya kimya: mama mwenye nyumba "anatoka kidogo tu", anarudi jioni, kisha anashangaa kwa nini jikoni hapajaguswa.

Malipo hutofautiana kwa mtaa, kwa wingi wa nguo na kwa uhusiano wa watu wawili, lakini kuna mahali pa kuanzia. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Kenya mnamo Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mtumishi wa nyumbani katika Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu posho ya nyumba. Ukigawanya kwa siku 26 za kazi unapata karibu shilingi 620. Hiyo ni hesabu ya mtu mwenye uhakika wa siku zote 26. Mama fua hana uhakika huo, hulipa nauli yake, na wiki nyingine huitwa mara mbili tu. Bei ya kutwa iliyo chini ya hapo ni vigumu kuitetea. Chakula cha mchana, kama kinatolewa, husemwa tangu mwanzo. Asiyejua kama atakula hubeba chake au hushinda na njaa, na mwenye njaa hasugui sakafu vizuri. Fedha zikitumwa kwa M-Pesa, ada ya kutolea huongezwa.

Inafaa mapatano yaandikwe, japo kwa mistari mitano kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji: vyumba gani, nguo kiasi gani, saa ya kuingia na ya kutoka, bei. Wapo wanaoona kuandikiana na mama fua ni kujitia ukubwa. Neno "kibarua" lenyewe, hata hivyo, ni udogo wa barua, na asili yake huhusishwa na kikaratasi walichopewa wafanyakazi wa kutwa wa Zanzibar katika karne ya 19, wengi wao watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Karatasi ilikuwamo katika kazi hii tangu zamani.

Vitu vya thamani huwekwa mahali pake kabla mgeni hajaingia, na mifuko ya nguo hupekuliwa na mwenyewe kabla ya kwenda kwenye beseni. Kufanya hivyo humlinda pia mama fua, kwa kuwa pete ikipotea wa kwanza kutajwa ni yeye, na mara nyingi huja kuonekana chini ya kitanda baada ya maneno mazito kwisha kusemwa. Kuhusu kuvunjika kwa vitu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la makusudi la mfanyakazi. Glasi iliyoteleza katika mkono wenye povu haimo humo. Kwa hiyo anayemiliki sahani za urithi aziondoe, au azioshe mwenyewe.

Kusahihisha kazi ni mtihani wa adabu. Mara nyingi mwenye nyumba ni kijana wa miaka 27 na mama fua ana umri wa mamake, naye humwita "mama" au kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wengi hushindwa kusema, wakanyamaza wiki tatu, kisha wakatafuta mwingine bila maelezo. Kwa kawaida hutosha kusema hapo hapo, kabla ya malipo, kuhusu kitu kimoja kinachoonekana: "Mama, samahani, nyuma ya choo pamebaki kidogo." Atarudi kupasugua, na mara ijayo ataanzia hapo. Lawama ya jumla, kwamba nyumba "haijatakata", haimpi mtu pa kuanzia.

Mwisho kuna suala la lini kibarua huacha kuwa kibarua. Sheria ya Ajira humtambua mfanyakazi wa kutwa kuwa yule anayelipwa siku inapokwisha na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Lakini kifungu cha 37 kinasema kwamba akifanya kazi siku mfululizo ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, ajira yake huhesabiwa kuwa ya mshahara wa mwezi, hata kama bado anapewa fedha mkononi kila jioni. Mama fua anayekuja kila Jumamosi yuko mbali na hali hiyo. Anayeitwa siku sita kwa wiki, wiki baada ya wiki, hayuko mbali nayo: ana haki ya siku moja ya mapumziko katika kila saba, na mwenye nyumba akitaka kuachana naye atampa notisi ya siku 28, kwa maandishi.