Mtaji wa Kampuni Chipukizi: Hasara Yenye Mpaka, Faida Isiyo na Dari

Mtaji wa maskini ni nguvu zake mwenyewe, wasema Waswahili. Methali hii humfaa mwenye jembe na shamba. Haimfai sana mhandisi ambaye wazo lake lahitaji mashine, karakana na mishahara ya mwaka mzima kabla ya senti ya kwanza kuingia. Huyo aghalabu hubisha kwanza mlango wa benki, akarudi mikono mitupu. Wengi huliona jambo hili kuwa ukatili, kumbe sababu imo katika hesabu. Benki ikikopesha shilingi 100,000, pato lake ni riba pekee hata mkopaji atajirike vipi. Akifilisika, fedha zote huenda. Mwenye faida yenye kikomo hana budi kuiogopa hasara, ndiposa akadai hatimiliki ya shamba.

Mwekezaji anayenunua hisa katika kampuni chipukizi hufuata hesabu iliyopinduliwa. Hasara yake haiwezi kuzidi alichotoa, ilhali faida haina dari. Mfano mashuhuri ni wa American Research and Development, kampuni iliyoundwa Boston, Marekani, mwaka wa 1946 na kuongozwa kwa miaka mingi na Georges Doriot, mzaliwa wa Ufaransa. Mwaka wa 1957 wahandisi wawili, Kenneth Olsen na Harlan Anderson, waliijia wakitaka kuunda kompyuta. Biashara hiyo ilikuwa na sifa mbaya ya kula fedha za watu, hata wawili hao wakashauriwa wasilitaje neno kompyuta mbele ya wakurugenzi. Walipewa dola 70,000, nayo kampuni ya Doriot ikatwaa asilimia 70 ya hisa za Digital Equipment Corporation. Walianzia katika kiwanda kikuukuu cha sufu mjini Maynard, wakiuza vipande vya saketi za kielektroniki. Kompyuta yao ya kwanza ilijitokeza mwaka wa 1959. Mapema katika miaka ya 1970, hisa za Doriot zilikadiriwa kufikia zaidi ya dola milioni 350.

Hapana kampuni nyingine ya Doriot iliyozaa kiasi hicho. Katika kazi hii, kumpa fedha anayeanguka ni kosa la gharama inayojulikana. Kumkatalia anayepaa ni kosa linaloweza kugharimu mara maelfu. Ndiyo maana fedha hugawanywa kwa kampuni nyingi. Lugha ya kilimo inayotumika hapa, ya mbegu na chipukizi, yaweza kupotosha: mkulima hutarajia mbegu nyingi ziote, ilhali mwekezaji huyu hutarajia nyingi zioze. Tena husubiri. Hisa za Digital hazikuuzwa kwa umma hadi mwaka wa 1966. Anayechukua karo ya watoto akaitia yote katika kampuni ya rafiki yake hakumfuata Doriot, amecheza kamari.

Wingi wa fedha nao una madhara yake. Webvan ya California ilianza kuwapelekea wateja vyakula nyumbani mwaka wa 1999. Kabla ya kuthibitisha kwamba eneo moja tu laweza kuleta faida, ilitia saini mkataba wa takriban dola bilioni 1 wa kujengewa maghala katika miji 26. Mwezi wa Julai 2001 ilifilisika. Uchache wa fedha uliilazimu Digital kuuza kwanza kile ambacho wateja walikuwa tayari kukilipia siku hiyo hiyo. Webvan haikuwa na shuruti kama hiyo.

Upande wa waasisi huzungumziwa kwa nadra. Olsen na Anderson waliachiwa chini ya thuluthi moja ya kampuni waliyoibuni, mgao ambao leo wengi wangeuita unyang'anyi. Mkopo ungewaachia hisa zote, ila ungedai marejesho bila kujali kama karakana imeuza chochote.