CD ni Yako, Akaunti ni ya Nani?

Kwenye vibanda vya gemu vya mtaani kwetu Nguvumali, Tanga, neno "kununua" halina utata. Umetoa hela, umepewa CD, imekuwa yako. (Najua kitaalamu ni DVD au Blu-ray, lakini mtaani zote ni CD.) Utaicheza, utamwazima jirani, utabadilishana na mwenye kibanda cha Makorora, na ukiichoka utaiuza kwa bei ya chini, uongezee hela ununue nyingine. Mwenye kibanda mwenye CD kumi na wenzake wawili anaoelewana nao hana gemu kumi, ana thelathini. Dogo wa darasa la tano asiye na PS nyumbani anacheza kwa sababu ya mzunguko huo.

Chuoni mambo ni tofauti. Boom likiingia, wana wanashusha gemu kwenye laptop kupitia Steam, au kwenye PS4 kupitia duka la PlayStation, na ukiwatajia CD wanakucheka. Nawaelewa. CD inakwaruzika, inaibiwa, na maduka ya mtandaoni huwa na punguzo ambalo Kariakoo hulipati. Ila mtu wa kibandani na mtu wa Steam wakisema "nimenunua", hawasemi kitu kimoja.

Ukinunua CD unapata vitu viwili kwa pamoja: ile sahani ya plastiki, na ruhusa ya kucheza kilichomo. Hakimiliki inabaki kwa waliotengeneza gemu, kwa hiyo huruhusiwi kuidurufu ukauza nakala, lakini sahani yenyewe ni mali yako kama kitabu kilivyo mali yako. Ukishusha, unapata ruhusa peke yake. Ruhusa hiyo, yaani leseni, imefungwa kwenye akaunti, na kwa masharti ya Steam akaunti haiuzwi wala haihamishwi kwenda kwa mtu mwingine. Hili si jambo la siri tena. Tangu Oktoba 2024 Steam yenyewe inaandika kwenye ukurasa wa malipo kwamba unachopata ni leseni. Na kule California, tangu tarehe 1 Januari 2025, sheria inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anapewa leseni.

Sisi tuna tatizo la ziada. Ukifungua akaunti ya PlayStation unaambiwa uchague nchi, na Tanzania haimo kwenye orodha. Wabongo wenye PS wamejiandikisha kama wakazi wa Marekani, Afrika Kusini au Falme za Kiarabu, wakati wamekaa Chumbageni. Inafanya kazi fresh, mpaka siku mtu aulize. Mei 2024 swali lilikaribia kuulizwa. Gemu ya Helldivers 2, iliyotolewa na Sony, ilikuwa ikiuzwa Steam tangu Februari hata kwenye nchi zisizo na huduma ya PlayStation. Ghafla Sony ikatangaza kwamba wanaochezea kwenye kompyuta nao lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni kwenye nchi zaidi ya 170, yetu ikiwa mojawapo. Wachezaji walipiga kelele dunia nzima, na ndani ya siku chache Sony ikaliacha sharti lile. Lakini fikiria nafasi yetu kwenye mzozo huo: mteja aliyelipa, ambaye kwa mujibu wa duka hayupo. CD iliyokuja kutoka Dubai kwenye begi la mjomba wa mtu haikuulizi unaishi wapi.

Bando nalo lina lake. Gemu nyingi kubwa za siku hizi zinazidi GB 50, na zikishafutwa kupisha nafasi, kuzirudisha ni bando jingine. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya nchi nzima ikawa ya kusuasua, aliyekuwa na CD alisukuma tu mechi yake.

Hata hivyo, CD nayo si kinga ya kila kitu, na hapa mashabiki wenzangu wa CD huwa hawapendi kusikia. The Crew, gemu ya magari ya Ubisoft, ilitoka Desemba 2014. Kila ulipoiwasha ilitaka seva za kampuni, hata ukiwa unacheza peke yako. Tarehe 31 Machi 2024 seva zikazimwa, na aliyekuwa na CD akabaki na kioo cha kujitazamia. Kutokana na hasira hiyo ilianza kampeni iitwayo Stop Killing Games, ambayo mwaka 2025 ilivusha sahihi milioni 1 kwenye ombi lililopelekwa Umoja wa Ulaya.

Na tusidanganyane kuhusu usafi wetu. CD nyingi za PS2 zilizotulea mtaani zilikuwa za kuchoma, waliotengeneza gemu hawakupata hata shilingi. Sizitetei. Ninachosema ni kwamba nakala iliyomo mkononi mwa mtu inafanya kazi ambazo leseni haifanyi. PES za zamani ziliruhusu kubadilisha majina na jezi, na wapo waliokaa usiku kucha wakajitengenezea Simba na Yanga. (Mimi ningeanza na Coastal Union.) Gemu inayoishi kwenye seva haikupi nafasi hiyo, yenyewe ndiyo inayobadilishwa ukiwa umelala, asubuhi unaikuta na apdeti.

Kwa hiyo plastiki yenyewe siyo ninayoitetea. Mimi nauliza mawili: je, gemu itawaka bila kuomba ruhusa kwa mtu? Je, naweza kumpa mwingine? The Crew ya kwenye CD ilifeli swali la kwanza. Duka la GOG, la Poland, linauza gemu za kushusha tu, lakini faili lake la kusakinishia unalihifadhi kwenye flashi na linawaka bila kuuliza seva. Masharti hayakuruhusu kuligawa, ila swali la kwanza linajibiwa. CD ya kawaida ya FIFA, ukicheza na mshikaji aliyekaa pembeni yako, inafaulu yote mawili.

Anayepanga kununua PS5 boom lijalo aangalie kwanza ubavu wa mashine, maana zipo zisizo na mlango wa CD kabisa, na PS5 Pro ya mwaka 2024 inauzwa bila mlango huo. Zile nyembamba zilizotoka 2023 zina mlango unaoweza kununuliwa kando na kupachikwa. Uwe na bando siku ya kuupachika: haufanyi kazi mpaka mashine iunganishwe kwanza na intaneti iutambue.