«Koko, kaa tu»: heshima inayolegeza miguu ya wazee

Ndugu wanakoperative, kuna heshima moja katika vijiji vyetu vya Kivu ambayo inawadhoofisha wazee. Mama akipita miaka 60, wajukuu wanamunyang'anya jembe: «Koko, kaa tu, sisi tutalima.» Wana nia nzuri. Lakini koko akizoea kukaa, kuinuka kwenye kiti inakuwa kazi, kwenda choo usiku inakuwa hatari, na siku akianguka na kuvunja nyonga, shamba linabaki bila mwenyewe na mtu mwingine wa nyumba anaacha kulima ili amutunze.

Misuli inaanza kupungua mapema kuliko tunavyofikiri. Kuanzia miaka 30 hivi, mwili unapoteza kati ya 3 na 8 kwa mia ya misuli kila miaka kumi, na kisha 60 inaenda mbio zaidi. Kitanda ndiyo kibaya sana. Wazee wenye afya waliolazwa siku 10 kwa ajili ya utafiti walipoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Kwa hiyo mzee akipona malaria, musimuache alale juma lingine ati apate nguvu.

Lakini misuli ya mzee bado inasikia. Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, waganga walifundisha wazee wa miaka 86 hadi 96 kuinua uzito kwa miguu. Kisha majuma 8, nguvu ya mapaja ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara mbili.

Wengine watatuuliza: tunalima kila siku, mazoezi ya nini tena? Ni kweli, jembe linasaidia. Ila linachosha mgongo na mikono kuliko mapaja, na kisha mavuno linatundikwa. Na gunia la mgongoni lenye kamba kwenye paji la uso, hilo hatuliite mazoezi. Linaumiza shingo, kwa umri ule liachiwe vijana ama chukudu.

Chukua kiti kigumu, kiegemeze ukutani. Kunja mikono kifuani, simama, kaa polepole, mara 8 hadi 12. Pumzika, rudilia. Ikikushinda, jisaidie kwa mikono kwanza. Mtu anayetumia zaidi ya sekunde 15 kusimama mara tano, miguu yake imeshaanza kulegea. Halafu shika mlango, inuka juu ya vidole. Sukuma ukuta kwa mikono miwili. Simama mguu mmoja karibu na meza. Kwa mikono, bidoni mbili zenye litre 2 za maji zinatosha. Ukizoea, ongeza maji kidogo, maana uzito usioongezeka haujengi kitu. OMS inaomba siku 2 kwa juma au zaidi.

Na sahani? Fufu na sombe peke yake haitoshi. Iko lazima maharagi, soya, sambaza, yai. Tunajua mayai yanaenda soko, na wazee wengi wanawapa watoto samaki wao wakisema wameshiba. Muangalie sahani ya koko kabla haijazunguka.

Mwenye maumivu ya kifua, kizunguzungu au tansiyo ya juu aone munganga wa kituo cha afya kwanza. Na kwa akina mama wanaochagua kahawa wakiwa wamekaa kutwa nzima, komite ipange wasimame pamoja kila saa, mara kumi, halafu warudie kazi.